Mstari wa Chini na Watu Waliopotea

Katika jedwali la ripoti, mstari wa jumla ndio unaosomwa na wengi zaidi na kueleweka na wachache zaidi, kwa kuwa msomaji huuamini kama muuza duka anavyoliamini daftari lake la madeni: kilichoandikwa chini ni mkusanyo wa vilivyoandikwa juu. Programu za kuchambua takwimu za biashara, kama Power BI ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2015, hazina imani hiyo. Zikifika mstari wa mwisho hazijumlishi mistari iliyotangulia, bali huzirudia data zote na kuzipitisha upya katika fomula ileile, na hapo ndipo fedheha nyingi za ofisini huanzia.

Kwa haki, mara nyingi programu huwa imesema kweli. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliwakuta watu 271,350 katika Mkoa wa Kusini Pemba, uliko mji wa Chake Chake, na 272,091 katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Kwa kuwa Kusini ina kilomita za mraba 332 na Kaskazini 574, msongamano, yaani idadi ya watu kwa kila kilomita ya mraba, ni takriban 817 kwa 474. Karani akijumlisha hupata 1,291, kiasi ambacho kingewalazimu Wapemba kulala kwa zamu; akigawa kwa mbili hupata 646, kosa lenye haya kidogo, kwani limeusahau ukubwa wa ardhi ya Kaskazini. Watu wote wakigawanywa kwa ardhi yote, jibu ni 600.

Kioja zaidi ni hesabu isiyo na marudio, ambamo kila mtu huhesabiwa mara moja tu hata jina lake likitokea mara kumi. Ichukuliwe kwamba msimu wa karafuu umeingia, na jedwali linaonesha wachumaji 40 katika shamba la kwanza, 35 katika la pili na 30 katika la tatu, kisha mstari wa chini unatangaza 62. Msimamizi hujumlisha mwenyewe, hupata 105, na kuuliza kwa sauti inayofika barazani watu 43 wamekwenda wapi. Na kwa sifa za uganga ambazo Pemba imevishwa tangu zamani, si kila aliyeko barazani atalicheka swali hilo. Maelezo kwamba mchumaji aliyepanda mikarafuu ya mashamba matatu bado ni mtu mmoja mwenye tumbo moja huonekana kuwa ni kumtetea mwizi.

Dawa ipo, nayo haihitaji hirizi: katika Power BI, kitendakazi kiitwacho ISINSCOPE huiwezesha fomula kutambua kama imo katika mstari wa shamba au wa jumla, na kingine, SUMX, hulipitia shamba moja baada ya jingine kabla ya kujumlisha. Kwa malipo ya wachumaji, wanaolipwa kwa pishi walizochuma, kujumlisha mistari ni haki tupu. Balaa ni pale karani aliyechoka kulaumiwa anapoilazimisha safu ya watu nayo itoe 105, ripoti ikapigwa muhuri, na mpishi akapewa nambari hiyo ili apakue wali wa mchana. Sahani 43 hubaki bila wenyewe, na hadi alasiri hubaki sahani tupu, bila msimamizi kuuliza tena waliokula ni akina nani.