Hongera, Mradi wa Kundi
Wanaoulaumu mradi wa programu wa vyuo vikuu vyetu hawajauonja utamu wake. Wanafunzi sita hupangwa kwa mfuatano wa alfabeti. Mmoja anaandika msimbo wote usiku kucha, mwingine anapamba slaidi, wanne wanatoa baraka. Kisha alama zinagawanywa sawasawa, usawa ambao hata bajeti ya taifa haijawahi kuufikia. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 wa IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sisi tumemtii kuliko IBM yenyewe: watu tunawaongeza kwenye jalada tu, kwenye kazi hakuna anayesogezwa. Wapo watakaosema kwamba Git, mfumo wa kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo ulioanza mwaka 2005, huonyesha nani aliandika mstari upi. Ni kweli, lakini mhadhiri afungue kumbukumbu hizo ili iweje? Aumbue watoto wa watu? Wengine wanadai waajiri wanatafuta wanaojua kushirikiana. Wasihofu. Mhitimu wetu anajua kukaa kikaoni, kuitikia kwa kichwa na kusaini mahudhurio. Ofisi nyingi zitampokea kama mwenyeji.