Adui Kawa Steringi

Sheria ya banda la video haijaandikwa popote, lakini hakuna mtoto wa Madaba asiyeijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, ataangukiwa na ghorofa, atalala kimya mpaka wenye roho nyepesi waanze kutafuta kandambili zao chini ya benchi, lakini wazoefu hawainuki. Wanajua ataamka. Anayekufa ni rafiki wa steringi. Adui naye ana sheria yake: afe mwisho kabisa, afe vibaya, na ikiwezekana afe mara mbili, maana ile ya kwanza huwa anadanganya.

Ndiyo maana siku mpwa wangu aliporudi kutoka stendi na habari kwamba inakuja Predator mpya, na kwamba safari hii steringi ni Predator mwenyewe, nyumba iligawanyika.

Habari ilikuwa ya kweli. Filamu inaitwa Predator: Badlands, mwongozaji ni Dan Trachtenberg, yule aliyetuletea Prey mwaka 2022, na tarehe ya kutoka ilitajwa kuwa 7 Novemba 2025. Nilitafuta treila kwenye simu. Nikaona nusu, bando likakata. Nusu ile ilitosha kunipa kazi ya kudumu, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye mzee wa muvi, na mzee wa muvi haruhusiwi kusema hajui.

Uzee wenyewe nimeupata kwa njia za mkato. Nilianza kutazama enzi za jenereta, kabla ya umeme wa gridi ya Taifa kushuka kutoka Makambako hadi Songea, ile njia ya kilovolti 220 iliyozinduliwa mwaka 2019 na kutuachia kituo cha kupozea umeme hapa hapa Madaba. Siku hizo banda lilikuwa na sauti mbili, ya Arnold Schwarzenegger na ya jenereta, na jenereta ndiyo iliyokuwa ikishinda. Mwenye banda akisema mafuta yameisha, filamu nayo imeisha. Ukitaka kujua mwisho wake unamtafuta aliyewahi kuiona Njombe. Nusu ya filamu ninazozijua sijazitazama, nimesimuliwa. Na nitasema bila aibu kwamba hizo nilizosimuliwa ndizo nzuri zaidi, maana msimuliaji wa Njombe alikuwa haachi kitu kionekane kidogo.

Predator ya kwanza, ya mwaka 1987, niliipata hivyo, sehemu kwa macho na sehemu kwa masikio. Makomando wanaingia msitu wa Amerika ya Kati, kitu kisichoonekana kinawachuna mmoja baada ya mwingine na kukusanya mafuvu. Dude lile linaona joto la mwili, basi Arnold anajipaka tope akawa haonekani. Kesho yake watoto wa mtaa mzima tulishuka mtoni tukajipaka tope hadi kwenye kope, tukajilaza kwenye majani tukiwa na sare za shule. Mama alituona. Alituona vizuri sana, mmoja mmoja, na fimbo ilikuwa tayari mkononi.

Kwa hiyo nilipokaa kwa kinyozi kuwaandaa watu kwa ajili ya hii mpya, nilikuwa na mtaji. Ugomvi haukuletwa na Predator, uliletwa na Van Damme. Nilieleza jambo ambalo wapenzi wa filamu hizi duniani wanalijua: kwamba mtu wa kwanza kuvishwa vazi la Predator kule Mexico, mwaka 1986, alikuwa Jean-Claude Van Damme, akiwa bado hana jina. Hakudumu. Vazi lenyewe la awali lilionekana kituko, likatupwa, fundi Stan Winston akabuni jingine, na aliyeingia ndani yake ni Kevin Peter Hall, Mmarekani mweusi mwenye urefu unaopita mita mbili.

Kimya kilitanda. Kisha dereva mmoja wa bodaboda akauliza, kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba, "Yaani Vandame alikuwa adui?"

"Alitaka kuwa."

"Wakamfukuza?"

"Aliondoka."

"Vandame hafukuzwi!" Akavaa kofia yake ngumu, akavua, akavaa tena. Mwingine akataka kujua kama wangekutana kweli msituni, Arnold na Vandame aliye ndani ya dude, nani angempiga mwenzake. Swali hilo lilikula mchana wote. Kinyozi alitoka na mashine mkononi kwenda kuonyesha lile teke la kuzunguka, na mteja wake, mtu mpole aliyekuwa akiwahi gari la Songea, alipanda basi akiwa amenyolewa upande wa kulia tu.

Ili kupoza hali niliwapa la Bolaji Badejo. Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979, ile yenye dude jeusi la kichwa kirefu: aliyekuwa ndani ya dude hilo ni Mnigeria, kijana mwanafunzi wa sanaa aliyekutwa baa moja London, mrefu kupita mita mbili na mwembamba kiasi kwamba mtazamaji asiamini kuna mtu mle. Alifariki Lagos mwaka 1992, hakucheza filamu nyingine. Hili liliwagusa. Maana sisi mabandani tulikuwa tukimtafuta mtu mweusi kwenye zile filamu, tukimkuta tunamhurumia mapema. Alikuwa lazima awe rafiki wa steringi. Kwenye Predator wapo Carl Weathers na Bill Duke, na wote hawakuuona mwisho. Kumbe waliodumu mpaka mwisho walikuwa wamejificha ndani ya dude.

(Alien hiyo hiyo ndiyo iliyowahi kuleta kesi kwenye banda letu. Kila mtu alimchagua nahodha kuwa steringi: mwanamume, ana ndevu, anatoa amri. Akafa katikati ya filamu. Watu walidai viingilio vyao. Mwenye banda alilazimika kusimama mbele ya televisheni na kuapa kwamba steringi bado yupo, ni yule dada, Ripley, vumilieni.)

Babu yeye alikuwa barazani akichambua mbegu za maharage. Hajawahi kumaliza filamu yoyote, usingizi humchukua magari yakianza kukimbizana. Lakini siku hiyo aliuliza huyo Predator ni nani hasa. Mpwa wangu akaeleza kwa heshima zote: Babu, ni mgeni, anatoka mbali sana, ana silaha ambazo wenyeji hawana, anawinda watu wanaojua kupigana, akimaliza anaondoka na vichwa vyao kwenda kuvitunza kwao.

Babu hakuinua macho kwenye ungo. "Huyo mbona tunamfahamu. Alipita hapa."

Hapakuwa na la kumjibu. Hapa ni Ruvuma. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni pale Songea, na kichwa cha Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, kinasimuliwa mpaka leo kwamba kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha. Hollywood inadhani imebuni.

"Na sasa mnataka tumshangilie?" Babu akauliza.

"Babu, huyu wa sasa ni kijana tu. Ukoo wake wamemwona dhaifu, wamemkataa."

Babu alifikiri kidogo. "Wamemkataa kwao?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi mpeni uji."

Hivyo ndivyo Predator alivyopokelewa Madaba, wiki kadhaa kabla hajafika. Maana kufika kwenyewe kulikuwa shughuli. Kumbi zinazoonyesha filamu za namna hiyo ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka stendi yetu, na nauli ya kwenda na kurudi ni mbolea ya kupandia. Wenye filamu yao wana haki ya kununa, lakini huku muvi husafiri ndani ya flashi, mfukoni mwa mtu anayekuja kwa shughuli nyingine. Wakati tunaisubiri hiyo flashi, filamu ilikuwa imeshaanza kuonyeshwa midomoni. Kuna waliokuwa wakisimulia kwamba dude linatua kwenye shamba la miti la Wino, halafu linapotea njia kwa kuwa misindano yote imefanana na imepandwa kwa mistari. Wengine walimrudisha Arnold, akiwa na mvi, kuja kumfundisha kijana kazi. Fundi baiskeli mmoja alimwingiza Vandame, kama fidia.

Kitu pekee cha kweli kilichokuwa kikizunguka ndicho kilichokataliwa na kila mtu. Mama anayeuza vitumbua stendi alikiona kwenye treila ya abiria mmoja: kwamba yule Predator, Dek, anazunguka sayari ya hatari akiwa amebeba mgongoni roboti wa kike aliyekatika kuanzia kiunoni. Tulimcheka. Nikaenda kuhakikisha, nikakuta ndivyo ilivyo. Roboti anaitwa Thia, ameigizwa na Elle Fanning, na ametengenezwa na ile ile kampuni ya kwenye Alien, Weyland-Yutani, ndiyo maana watu wanasema koo mbili za madude zimeoana. Dek ameigizwa na kijana wa New Zealand, Dimitrius Schuster-Koloamatangi. Binadamu hakuna hata mmoja. Niliporudi na taarifa hiyo, mama wa vitumbua alikuwa na swali moja: "Mwanaume kambeba mwanamke mgongoni, porini, mwendo wote huo, bila kulalamika. Na mnasema hii ni filamu ya kutisha?" Akatangaza kuwa ndiyo filamu ya kwanza ya madude atakayoilipia kiingilio.

Flashi ya kwanza ikaja. Kijana wa kurusha muvi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa PREDATOR MPYA 2025 IMETAFSIRIWA. Tukajipanga. Ikafunguka, tukaona ziwa, tukaona mamba. Mamba mkubwa sana, wa kompyuta, anakula wavuvi wa nchi fulani ya Asia. Tulisubiri Predator aje amuue. DJ aliyetafsiri, mtu mwenye ujasiri wa kutosha, alishajua tatizo, akawa anatueleza kwamba Predator amejigeuza mamba kwa muda. Alijigeuza mpaka mwisho. Tulipokwenda dukani kudai, kijana alituangalia bila kupepesa: "Kwani mamba hawindi?"

Ya pili ndiyo yenyewe. Ilikuwa imerekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema na mtu aliyekuwa akikohoa, na mbele yake kulikuwa na kichwa cha mtazamaji mwenzake ambacho kilifunika robo ya sayari. Katikati mtu huyo aliinuka kwenda kujisaidia, na banda zima la Madaba likampigia kelele akae chini. Alirudi baadaye, tukampigia tena. Dek na ndugu zake wanaongea lugha iliyobuniwa kwa ajili ya filamu, lugha isiyo na mzawa duniani, lakini DJ aliielewa vizuri sana, tena kwa lafudhi ya Kariakoo. Hii ni sanaa, tusiibeze. Lufufu, mtafsiri wa muvi, aliifanya Dar es Salaam kabla ya ma-DJ hawa, na mashabiki wake walikuwa wakimfuata yeye kuliko Arnold.

Filamu ilikuwa imenoga, na nadhani Babu alikuwa macho. Dek alikuwa ameshafika kwenye sayari ambayo hata majani yake yanaua. Mchana huo ilikuwa imenyesha mvua ya kwanza ya maana, jambo ambalo mtu mzima yeyote angelitilia maanani. Taa ya banda ilikuwa imezimwa. Mwanga pekee mtaa mzima ulikuwa wa televisheni yetu.

Wakaja. Kwanza mmoja akatua kwenye paji la uso la Dek, watu wakadhani ni sehemu ya filamu. Halafu kumi. Halafu kupitia madirishani, chini ya mlango, kwenye matundu ya bati, mabawa juu ya mabawa, skrini ikafunikwa, DJ akabaki anatafsiri giza. Mtu akapiga yowe nyuma. Halikuwa yowe la hofu. Alikuwa mama wa vitumbua: "Kumbikumbi!"

Sijaona banda likitoka haraka namna ile hata siku ya moto. Mwenye banda, ambaye alikuwa ameshakusanya viingilio na hakuwa na deni na mtu, aling'oa waya wa televisheni akachomeka wa balbu, akaivuta nje, akaining'iniza juu ya beseni la maji. Masufuria yakaja, makapu, ndoo, kofia ngumu ya bodaboda. Babu alikuwa mbele, na ungo ule ule wa maharage. Ndani alibaki mpwa wangu peke yake, gizani, akiuliza Dek amefanyaje.

Usiku huo tulikaanga, tukatia chumvi. Mwenye banda alipowasha televisheni tena, flashi ilianza upya kutoka mwanzo, watu wakapiga miayo, na asubuhi kijana mwenye flashi alikuwa ameshapanda gari la Makambako nayo.

Kwa hiyo hadi leo hatujui ilivyoisha. Ewe msomaji uliyeiona yote, ukipita barabara ya Njombe kwenda Songea, teremka Madaba, uliza kwa kinyozi. Kumbikumbi wa kukaanga bado wapo kwenye kopo. Flashi iache nyumbani, njoo na maneno tu, na usikimbie kwenye kusimulia: mama wa vitumbua anataka sehemu ya kubebwa mgongoni isipunguzwe hata kidogo.