Chai Yangu Imo Kwenye Bajeti

Mpwa wangu aliingia na kompyuta mpakato kwapani, akatoa shikamoo, na kabla sijamaliza marahaba akaniuliza kivuli cha mwembe wangu kina mita ngapi za mraba. Nina ekari moja ya zabibu hapa Dodoma. Zabibu hakuziulizia.

Kumbe anaandika andiko. Andiko, kwa msiolijua, ni barua ya kuomba hela iliyovalishwa suti. Kuna mfuko (siutaji, bado tunaomba) unaotoa ruzuku za utafiti, naye anataka kutafuta aina ya zabibu inayostahimili ubwiriunga, ule ukungu unaovipaka vichala vyangu kama vimeangukiwa na unga wa muhogo. Jambo jema kabisa. Nikamwambia twende shambani akauone. Akasema shamba baadaye mjomba, kwanza tumalize kipengele cha mchango wa wadau.

Mdau ndiye mimi. Mfuko hautaki kumpa hela mtu asiye na chochote. Lazima aonyeshe kuna wengine wanaochangia, hata kama si kwa fedha taslimu. Basi mwembe ukawa ukumbi wa mafunzo. Viti vyangu vinne vya plastiki, kimoja mguu umeshonwa kwa waya, vikawa samani. Chai niliyokuwa nikimmiminia wakati huohuo ikaingia kwenye jedwali: viburudisho, vikombe 240. Tukajumlisha. Kwenye karatasi mimi ni mfadhili. Mtaani muuza dawa za mimea ananidai.

Nilipolalamika akaniambia hata Marekani mambo yamewahi kuwa hivyohivyo. Wizara yao ya kilimo ina mpango wa utafiti wa mazao maalumu, zabibu na beri zikiwemo, na kwa miaka mingi ukiomba dola moja ilikuwa sharti uonyeshe nyingine inatoka wapi. Ila tangu sheria ya kilimo ya 2014, ombi hupitishwa kwanza kwa watu wa zao lenyewe, waseme kama lina maana kwao, ndipo wanasayansi walichambue. Na kule Oregon wakulima wa beri hukatwa kidogo kwa kila paundi wanayouza, fedha zikaenda kwa tume yao, na kwenye tume hiyo wakulima wenyewe wamo, wanaamua utafiti upi ulipiwe. Hapo nilikaa kitako. Nikajiona niko mstari wa mbele, nimekunja nne, mtaalamu anatokwa jasho mbele yangu: “Sawa daktari, ukungu tumekusikia. Na mchwa je?”

Kilichonimaliza ni ratiba. Miezi 24, kuanzia kupanda miche hadi “aina mpya kuwafikia wakulima”. Nikamuuliza mpwa wangu kama mzabibu umeshirikishwa katika makubaliano hayo. Mche wenyewe ukiuchomeka leo, mwaka wa pili ndio kwanza unajifunza kutambaa kwenye waya. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia habari za beri ya Marion, fahari ya haohao watu wa Oregon: George Waldo, mtafiti wa wizara, alichanganya wazazi wa beri hiyo mwaka 1945, na wakulima wakakabidhiwa mwaka 1956. Miaka 11! Tena wazazi wote wawili walikuwepo. Sasa sisi tunamwahidi mtu miujiza kabla mkopo wa pikipiki haujaisha. “Mjomba,” akasema kwa upole wa mtu aliyesoma, “tukiandika miaka 11 hawatafika ukurasa wa pili.”

Tukaandika miezi 24. Tukapata alama 68, walitaka 70.

Maoni ya wakaguzi yalikuja bila majina. Wa kwanza alisifu jedwali. Wa pili alitaka matokeo yaharakishwe. Wa tatu, huyu sitamsahau, aliandika kwamba ushiriki wa mkulima hauonekani bayana. Vikombe 240, ndugu yangu! Mwembe mzima!

Juzi mpwa wangu amerudi. Mfuko umefungua dirisha jipya, na mwaka huu kaulimbiu ni akili mnemba. Zabibu ni zilezile, ubwiriunga ni uleule, ila sasa utapigwa picha kwa simu. Nikaweka sufuria jikoni, nikamuuliza kama safari hii kikombe tumekipandisha bei, maana sukari imepanda.