Karanga za Kongwa

Wakurugenzi wanaokuja Dodoma kujifungia hotelini na mpango mkakati wao wa miaka mitano wangepitishwa Kongwa kwanza, kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka 1946 Frank Samuel, bosi wa United Africa Company chini ya Unilever, aliona Uingereza imepungukiwa mafuta ya kula. Akaiuzia serikali yake wazo: karanga za Tanganyika. Wataalamu wakazunguka wiki tisa, wakarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Hesabu ilipendeza kweli. Mpaka vifaru vya vita viligeuzwa matrekta.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mibuyu haikuwa imesoma ratiba, na mvua za Ugogo hazikuhudhuria kikao. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikabaki humo humo zikiwatazama wachimbaji. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umefungwa, na pauni kama milioni 36 zimekwenda na maji, tena mahali ambapo maji yenyewe hayakuwepo.

Mgogo aliyekuwa akilima uwele na mtama pale pale hakuulizwa. Labda waliogopa angedai posho.

Hatumtaji mtu hapa. Tunauliza tu, waheshimiwa: dereva wenu wa lori na yule dada wa kaunta mmewawekea kiti kesho, au mtawapelekea fulana yenye dira ya kampuni mgongoni?