Bawa la Bwana na Jogoo wa Kukhu
Kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Subaru Impreza kulimtosha bwana wangu, mwalimu wa hesabu. Tulipopata Impreza yetu ya mtumba, pesa za mabati ya jikoni ziliteremka Webuye kwa fundi, na gari likarudi Lugulu na bawa juu ya buti na mdomo wa plastiki chini ya bampa.

"Sasa litashika barabara," akasema. "Upepo wenyewe utalikandamiza."

Kukhu, nyanya yetu, akauliza, "Kwani lilikuwa linaruka?"

Mdomo haukumaliza wiki. Tuliuacha kwenye tuta la barabara ya Kitale, Jumapili, tukiwa tumevalia za kanisani. Bawa likabaki. Mchana nililianikia nepi, usiku jogoo wa Kukhu alilala juu yake, na kila asubuhi kulikuwa na ugomvi wa kinyesi.

Hesabu nilimdai mwenyewe, akaifanya kwa haki. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Bawa dogo hivyo, likiwa limewekwa sawasawa, kwa kilomita 100 kwa saa linakandamiza kama kilo sita. Kwa 50, kilo moja na nusu. Na baina ya matuta, trekta za miwa na bodaboda, 50 ndio mwendo wetu. Tulimpima jogoo kwenye mizani ya posho mill: kilo tatu, hata gari likiwa limezimwa.

Bwana akakimbilia mfano wa Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Audi TT zilikuwa zikiwaponyoka madereva wakienda kasi mno, kampuni ikaongeza kibawa nyuma. Ni kweli. Lakini ilirekebisha suspensheni pia, ikaweka na mtambo wa kuzuia gari kuserereka. Tena kule watu walikuwa wakipita 180. Sheria yetu inaishia 110, na matairi yetu ya nyuma yalikuwa na vipara. Sikuona kwa nini upepo ufanye kazi ya mpira.

Halafu kijana wa jirani, anayesomea ufundi, akaliinamia bawa akacheka. La mbio hubinuliwa, tumbo likatazama chini. Letu lilitunishwa juu kama la ndege. Likifanya kazi yoyote, linainua. Swali la Kukhu halikuwa la kizee hata kidogo.

Bawa lilifunguliwa Jumamosi hiyo hiyo. Matundu manne ya bolti hakuna aliyeyakumbuka, na mvua ya Machi haikuyasahau. Mbegu za mahindi za 614 tulizonunua Kitale zilikaa butini hadi harufu ikatuita: zimechipua ndani ya pakiti.

Bwana alinunua mbegu nyingine, na matairi mawili ya nyuma. Mabati yanangoja mshahara.