Barua ya Wazi kwa Seneti ya Roma

Kwa: Seneti ya Jamhuri ya Roma
Yah: Kipengele kilichopotea katika cheo cha dikteta

Dikteta ni cheo kilichobuniwa na jamhuri yenyewe, si na maadui zake. Neno hilo la Kilatini linatokana na kitenzi dictare, yaani kutamka jambo ili mwingine aliandike au alitekeleze. Kiswahili kimelipokea, kikaliongezea pacha wake: utawala wa imla. Na imla, kama ajuavyo kila aliyepita shule ya msingi, ni zoezi ambalo mmoja husema na waliobaki hunyamaza wakaandika.

Jamhuri ilikiwekea cheo hicho mipaka. Wakati wa hatari konsuli alimteua mtu mmoja, aliyetanguliwa na watumishi 24 waliobeba fimbo na shoka, muda wake miezi 6, basi. Hata kupanda farasi kulihitaji ruhusa. Kazi nyingine zilikuwa ndogo mno: mwaka 363 KK Lucius Manlius aliteuliwa ili apigilie msumari katika hekalu la Jupiter, tauni iondoke. Alipomaliza kugonga, akaanza kuandikisha askari kwa vita ambavyo hakutumwa. Watetezi wa raia wakambana hadi akajiuzulu. Hayo yote, kwa msumari mmoja.

Cincinnatus ndiye aliyewaaibisha wenzake. Inasimuliwa kwamba mwaka 458 KK aliitwa kutoka shambani, akalishinda kabila la Aequi, akajiuzulu siku ya 16 na kurudi kulima. Mwenendo huo haukudumu. Mwaka 82 KK jemadari Sulla alipewa cheo bila kikomo. Baadaye alikiacha kwa hiari, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mapema mwaka 44 KK Julius Caesar akawa dikteta wa maisha. Maisha hayo yaliisha Machi 15.

Mwaka uleule sheria ya Marcus Antonius ilikifuta cheo. Mwaka 22 KK Augustus alipiga goti akiwasihi wananchi wasimpe. Madaraka yenyewe alikuwa nayo tayari. Tangu hapo jina hukataliwa, kazi huendelea. Kamuzu Banda wa Malawi mwaka 1971, na Idi Amin wa Uganda mwaka 1976, wakawa marais wa maisha tu.

Seneti inaombwa kutuma nakala ya kile kipengele cha miezi 6. Inaelekea kilisalia Roma mizigo ilipofungwa.