Jinsi ya Kustahili Kuitwa Mbwa

Watu wawili wakigombana Nambambo, wilayani Nachingwea, iwe ni kwa mpaka wa shamba au kwa zamu ya maji bombani, hazipiti dakika tano mmoja hajamwita mwenzake mbwa. Aliyeitwa hivyo huvimba, huita mashahidi, na kesi hufika kwa balozi wa nyumba kumi. Mwongozo huu unamshauri afanye jambo jingine: atulie kwanza, ajiulize kama kweli amefikia cheo hicho. Mbwa ni cheo. Kina masharti yake, na wengi wetu tukipewa mtihani wake leo tutaanguka kabla ya saa nne asubuhi.

Habari njema ni kwamba masomo hayana karo ya mwanzo, hayana sare, na walimu wapo kuanzia Nachingwea mjini hadi Ruangwa. Vifaa vinavyotakiwa ni kigoda na kivuli cha mkorosho. Keti, mtazame mbwa wa nyumbani kwako kuanzia alfajiri hadi usiku, bila kumrushia jiwe. Kisha fuata hatua hizi tano.

Hatua ya kwanza: Mpokee mtu kabla hujamkagua

Jioni, watu wanarudi kutoka shamba. Mbwa ameshasikia hatua za mwenyeji wake kabla hajafika njia panda. Anachomoka, mkia unayumba mpaka kiuno kinafuata. Haangalii kama mtu amerudi na gunia au mikono mitupu. Kama bei ya korosho imepanda mnadani au imeshuka, kama mtu kaja kwa bodaboda au kwa miguu, kwake ni mamoja. Kilichomfurahisha ni kwamba mtu wake amerudi.

Jipime hapo. Mtoto akitoka shule, swali la kwanza ni amepata ngapi. Mume akiingia, mke yuko kwenye simu. Mke akiingia, mume anauliza chakula. Ndugu akishuka basi la kutoka Dar es Salaam, macho yetu yako kwenye begi lake. Zoezi la wiki ya kwanza ni hili: mtu wa nyumbani akirudi, inuka, mwendee hadi uani, mpokee mzigo, mpe pole ya kazi. Maswali yasubiri mpaka amekunywa maji. Mkia huna, lakini uso uliokunjuka unatosha.

Wilaya ya Nachingwea isiseme somo hili ni gumu, kwa sababu ilishalifaulu. Miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kutoka ng'ambo ya Mto Ruvuma walipewa kambi hapa. Walifunzwa hapa, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Walikuja bila nchi, na hakuna aliyejua kama wangeipata. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wema uliwapokea kwanza, ushindi ukaja miaka mingi baadaye.

Hatua ya pili: Mkaribie anayelia, hata kama huna la kusema

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo cha Goldsmiths, London, waliwapima mbwa 18 majumbani kwao. Mtu mmoja alizungumza, akaimba kwa kuguna, kisha akajifanya analia. Alipolia, wengi wa mbwa wale walimwendea kwa unyenyekevu na kumgusa kwa pua. Walifanya hivyo hata aliyelia alipokuwa mgeni kabisa, huku mwenye mbwa ameketi kimya pembeni.

Sisi tukisikia kilio cha jirani tunasimama njiani tukitafuta maneno. Tunaogopa kwenda msibani mikono mitupu. Tunaahirisha kumtembelea mgonjwa kwa kuwa hatujui tutamwambia nini. Mbwa hana neno hata moja, na hilo halijawahi kumzuia. Waumini wa parokia za Nyangao na Ndanda wanaijua habari ya Lazaro katika Injili ya Luka: maskini amelala mlangoni kwa tajiri, tajiri anapita zake, na wanaomkaribia vidonda vyake ni mbwa.

Kwa hiyo zoezi la pili halina hotuba. Nenda uketi kwenye mkeka wa mfiwa, au ukae na mgonjwa kitandani pake, robo saa tu. Ukishindwa kusema, nyamaza. Kuwapo kwako ndiko alikokuwa akikuhitaji.

Hatua ya tatu: Likimbilie bakuli la katikati

Hapa ndipo moyo wa mwongozo huu ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwafundisha mbwa 24 waliokuwa wakitunzwa katika vituo vya wanyama wasio na wenyewe. Bakuli likiwekwa upande mmoja wa chumba lina chakula. Likiwekwa upande wa pili ni tupu. Mbwa walipolielewa hilo, bakuli likawekwa katikati, mahali pasipo na ahadi yoyote. Wengine walilikimbilia. Wengine walisitasita. Na waliositasita zaidi walikuwa wale ambao wakiachwa peke yao hubweka, hukwaruza mlango na kuharibu vitu kwa hofu.

Soma matokeo hayo polepole. Tumezoea kudhani kwamba matumaini ni tabia ya kuzaliwa nayo: fulani ana moyo mwepesi, fulani ana moyo mzito. Mbwa wa Bristol wanatuelekeza kwingine. Asiye na hofu ya kuachwa huelekea kulikimbilia bakuli asilolijua. Mwenye hofu hiyo husitasita zaidi, hata pale ambapo huenda pana nyama. Huenda matumaini, basi, ni zao. Lina shamba lake, na shamba hilo ni wema ambao mtu ametendewa.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Anapiga miguu, na macho yako ufukoni. Lakini lazima ufuko uonekane, na mara nyingi ufuko wa mtu ni mtu mwingine. Mfikirie mkulima wa korosho mwezi ambao ghala limekwisha na mavuno hayajafika. Mnunuzi wa kangomba anamjia na fedha kidogo, anazitaka korosho zake zikiwa bado juu ya mti. Mkulima anajua kwamba akisubiri msimu na mnada wa chama kikuu cha RUNALI, chama cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, atapata zaidi. Anajua pia kwamba watoto hawajala. Tunamlaumu kwa kukosa subira, na hali subira haijazi sufuria.

Zoezi la tatu, kwa hiyo, lina sehemu mbili. Kama una akiba, mkopeshe jirani debe la mahindi kabla kangomba hajabisha hodi; utakuwa umemwonyesha ufuko. Kama wewe ndiye unayezama, omba msaada mapema, wala usione haya. Mbwa mwenye njaa huja mlangoni, anakutazama usoni na kungoja. Hajifanyi ameshiba.

Hatua ya nne: Nusa kwanza, chimba baadaye

Matumaini ya mbwa hayana upofu. Mtazame anapotafuta panya buku kichakani. Pua inatangulia, makucha yanafuata. Hafukui udongo wa shamba zima kwa kuwa ameota nyama.

Wenye vyeo na fedha wamewahi kulikosa somo hili papa hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikufuata ratiba ya London, na wenyeji waliozijua dalili za ardhi yao hawakuwa wameulizwa. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, zaidi ya paundi milioni 30 zikiwa zimepotea. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960.

Wakulima wa hapa walibaki na ardhi yao. Wakaendelea na mikorosho, ufuta na mbaazi, wakijua mvua inaanza lini na shamba lipi linatuamisha maji. Leo Ruangwa inazungumzia madini ya kinywe, na Nachingwea ina nikeli yake katika kilima cha Ntaka. Mambo hayo huenda yakaleta heri. Mwanafunzi wa mbwa atayafurahia, na kabla ya kutia sahihi atanusa: mkataba unasema nini, fidia italipwa lini, maji yatatoka wapi, nani ameusoma kwa lugha anayoielewa.

Hatua ya tano: Linda usiku uleule

Mchana mbwa amepigwa teke kwa kosa la kupita karibu na jiko. Jioni amekula ukoko. Usiku nguruwe pori wanaingia kwenye mihogo, na yeye ndiye wa kwanza kuwakabili, huku mwenye shamba akiteremka kutoka dunguni na tochi. Hakusema, "Niwalindie nini watu wanaonipiga?" Kinyongo hakikuingia kwenye kazi yake.

Zoezi la tano ni kumtimizia mtu haki yake siku ileile aliyokuudhi. Mwalimu amfundishe vizuri mtoto wa mzazi aliyemsema vibaya. Jirani amwitie bodaboda mjamzito wa nyumba asiyosalimiana nayo. Lakini mwongozo huu hausemi vumilia kupigwa. Mbwa kusamehe teke hakulifanyi teke kuwa haki, na mwenye mguu ndiye anayepaswa kujirekebisha.

Ada ya masomo

Nilisema hakuna karo ya mwanzo. Ya mwisho ipo, na inalipwa kwa mwalimu mwenyewe.

Sehemu yake ya kwanza ni maji na chakula. Muislamu wa Nachingwea anayejua kukiosha mara saba, moja kwa udongo, chombo kilichorambwa na mbwa, anaijua pia hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim: mtu mwenye kiu alishuka kisimani akanywa, akamkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akarudi chini, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Usafi na huruma vilifundishwa pamoja. Hakuna haja ya kuchagua kimoja.

Sehemu ya pili ni chanjo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote hukipata kwa kuumwa na mbwa. Karibu wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mgonjwa, ni nadra sana apone. Hata hivyo, asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mikoa ya Lindi na Mtwara inalijua hilo: kuanzia mwaka 2010 ilikuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, afisa mifugo wa kata akitangaza siku ya chanjo, mfunge mbwa wako kamba umpeleke, na umkumbushe jirani ampeleke wake. Mtoto akiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Watoto wafundishwe kuacha mawe chini. Na usiku huu, kabla hujafunga mlango, jaza maji kwenye bakuli lililo nje. Aliye nje hatalala, kwa ajili yako.